Sanduku la majaribio ya sayansi la darasa la tano hadi la saba: jaribio lipi linafaa pwani yetu na lipi halifai

Sanduku hili la plastiki, linalouzwa Mtwara mjini pamoja na vifaa vingine vya shule, limepangwa kwa kikundi cha wanafunzi 5. Ndani mna vishikio vya betri kubwa za redio, balbu 3 za volti 2.5, swichi, nyaya 6 zenye vibanio, waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, msumari wa inchi 4, sumaku 2, dira, karatasi za litmasi (za kupimia asidi na besi), maputo na kijitabu.

Umeme ndio unaostahili pesa yake. Betri 2 zikiungwa mfululizo hutoa volti 3 na balbu inawaka vizuri. Msiongeze ya tatu: volti 4.5 zitaiunguza, na balbu za akiba hazimo. Balbu 2 zikiwa mfululizo, zote hufifia. Zikiwa sambamba, kila moja hubaki na mwanga wake, na ukichomoa moja nyingine haizimiki. Hapo darasa huchangamka kwelikweli, mradi kila kikundi kiandike daftarini kitakachotokea kabla swichi haijawashwa, kisha wabishane. Kijitabu kinaua utamu huo kwa kuchapa jibu chini ya kila mchoro. Mwalimu akisome peke yake, wanafunzi wasikione.

Kwa sumaku ya umeme, zungushieni msumari waya mara 80 hadi 100, mwelekeo uleule mwanzo hadi mwisho. Ikigoma kuinua pini, karibu kila mara kosa ni vanishi: haipitishi umeme, kwa hiyo ncha zote mbili zikwanguliwe kwa msasa sentimita 2 mpaka shaba ing'ae. Unganisheni kwa sekunde 10 tu. Waya huo una ukinzani mdogo mno, mkondo unakuwa mkubwa, na betri hupata moto na kuisha upesi.

Sehemu ya umeme tuli itawaaibisha mbele ya darasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Unyevu wa mvua na bahari huacha utando wa maji juu ya puto, na chaji huvuja kabla halijavuta hata kipande cha karatasi. Somo hilo lisogezeni Juni hadi Agosti, na maputo yaanikwe juani kwanza.

Litmasi nayo haihimili hewa yetu ikishafunguliwa, wala hamna haja ya kuinunua. Loweka kijiko 1 cha rosela kavu katika nusu kikombe cha maji ya moto, chuja. Ukikamulia ndimu, maji yanakolea wekundu; ukitia magadi soda, yanageuka kuelekea bluu na kijani. Watoto hupenda zaidi rangi inayobadilika mbele ya macho yao kuliko kikaratasi.

Kitu kimoja tunaona watengenezaji wangekifikiria: kipande cha shaba na cha zinki. Msimu wa korosho, chomekeni shaba na msumari wa bati (uliopakwa zinki) ndani ya bibo moja bila kugusana, na mtapata takriban volti 0.9. Balbu ya tochi haitawaka kwa sababu mkondo ni mdogo, lakini mabibo 3 au 4 yakiungwa mfululizo huwasha taa nyekundu ya LED, ikiwa mguu wake mrefu uko upande wa shaba. Gizani inaonekana vizuri zaidi.

Kwa shule za Mikindani, Kilwa au Lindi mjini, adui mkubwa ni chumvi ya upepo: vibanio huota kutu, balbu inawaka na kuzimika, mwalimu anadhani betri imekwisha. Baada ya kipindi toeni betri, futeni vibanio kwa kitambaa kikavu, na vyote vikae kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Dira iwekwe mbali na sumaku, la sivyo sindano yake inaweza kugeuka na kuonyesha kusini badala ya kaskazini.

Dukani, kabla ya kulipa, nendeni na betri 2 mjaribu kila balbu na kila waya. Vibanio vikilegea mkononi, ombeni sanduku jingine palepale.