Jeli ya chungwa kwenye flashi: uzoefu wangu kumbini

Napiga picha za sendofu na kicheni pati hapa Dar, na kumbi nyingi ninazoingia zina taa za njano, za Kelvini 2700 hadi 3000 hivi (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa inaelekea bluu). Flashi nayo inatoa mwanga wa mchana, kama Kelvini 5500. Hapo ndipo vurugu inapoanzia: ukirekebisha waiti balansi, yaani mpangilio wa kamera unaofanya cheupe kionekane cheupe, ili uso wa bibi harusi ukae sawa, ukuta na mapambo vinaiva chungwa, ukiufuata ukuta, bibi harusi anaingia bluu. Na ngozi ya maji ya kunde ikishapata bluu inaonekana kama imepakwa majivu. Hata RAW, faili ghafi la kamera linaloruhusu kubadili rangi baadaye, haikuokoi, kwa sababu waiti balansi ni moja kwa picha nzima na taa ni mbili.

Nikanunua seti ya jeli, vile vipande vya plastiki ya rangi unavyovibana mbele ya flashi kwa mpira. Ninayoitumia karibu kila shughuli ni CTO nzima, yaani jeli ya chungwa yenye rangi kamili, inayoishusha flashi hadi Kelvini 3200 au karibu na hapo. Naipanga kamera 3200, namwomba mtu ashike kadi ya kijivu pale meza kuu, napiga moja. Nikirudi nyumbani nabofya kwenye hiyo kadi kwenye programu ya kuhariri, iwe kipimo cha rangi, picha zote za ukumbi zinafuata. Gauni linabaki jeupe, dhahabu inabaki dhahabu.

Inakula mwanga lakini, kama theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kupungua kwa nusu), kwa hiyo betri za akiba usiziache nyumbani. Ukifyatua mfululizo kwa nguvu zote, plastiki inajikunja kwa joto. Yangu moja imeshakunjamana pembeni. Shughuli ya mchana yenye madirisha makubwa naweka nusu CTO. Jeli ya kijani, ile ya kumbi zenye taa za tyubu, kwenye seti yangu imefifia mno, sijaona kazi yake.

Kisichotibika ni zile LED za zambarau za mapambo. Mwanga wenyewe hauna rangi nyingine ndani yake, sasa utasawazisha nini? Siku hizi namfuata fundi taa mapema, namwomba azizime meza kuu wakati wa keki. Wapo wanaokubali. Wengine wanakujibu hiyo ndiyo rangi iliyopitishwa na kamati.