Gari liligoma kutoka P: fundi wa kuja ulipo nampa nyota nne

Jumamosi niliegesha mbele ya geti la duka la vifaa vya ujenzi pale Sinza, nikasema dakika mbili tu. Narudi, lori la saruji linataka kuingia na gari langu limegoma kutoka P, ile gia ya kuegesha. Injini inawaka vizuri, nakanyaga breki mpaka kisigino kinauma, gia haisogei. Vijana wakajitolea kusukuma, lakini gari la otomatiki likiwa P heri usukume ukuta.

Nikapiga simu brekidauni. Akataka 80,000, na kabla hajauliza chochote alishaniambia giaboksi imekufa. Nyota moja, hiyo ya kupokea simu haraka.

Aliyenitoa ni fundi umeme wa magari anayekuja kwa bodaboda, begi mgongoni. Hata gia hakuigusa. Alikwenda nyuma ya gari, akasema, "Dada, kanyaga breki." Hakuna taa ya breki iliyowaka. "Basi ugonjwa wako ndio huo."

Kumbe gari haliachii gia itoke P mpaka lijue umekanyaga breki, na taarifa hiyo linaipata kwenye kiswichi kilicho juu ya pedali, kilekile kinachowasha taa za nyuma. Kikifa, au fyuzi yake ikiungua, taa zinazima na gia inajifunga. Kwa hiyo inawezekana nilitoka Mwenge mpaka Sinza bila taa za breki, na daladala iko mgongoni kwangu.

Akavuta handibreki kwanza, maana pale pana mteremko. Funguo kwenye ON, mguu wangu kwenye breki. Pembeni ya gia kuna kifuniko kidogo kimeandikwa SHIFT LOCK. Miaka minne naendesha nikidhani ni pambo. Akakibandua kwa bisibisi bapa, akaibonyeza ndani ya tundu na huku anavuta gia. Ikaingia N, gia huru, kama haikuwa na kinyongo na mtu. Kasema hata betri ikifa kabisa njia ni hiyohiyo. Kwenye magari mengine tundu limefichwa chini ya plastiki ya gia, kwa hiyo angalia kitabu cha gari. Changu ni cha Kijapani, kimelala kwenye droo tangu gari literemke bandarini.

Tulipoanza kusukuma akanikataza kuchomoa funguo, usukani utajifunga. Akanionya pia kwamba injini ikiwa imezimwa usukani unakuwa mzito, na breki inataka ukanyage kwa nguvu zote. Kweli, nilikanyaga nimeuma meno. Dereva wa lori akapita bila kuniangalia.

Ufundi 25,000. Kiswichi alikifuata Ilala, 15,000, akakifunga palepale kwa dakika kumi. Taa zikawaka, gia ikatoka yenyewe.

Nyota ya tano nimeibakiza kwa mambo mawili. Aliniambia "nipo njiani" kwa saa nzima, nami nasikia kabisa kwenye simu anagonga vyuma. Halafu kiswichi alichofunga ni cha mtumba. Nilikijua kwa vumbi la grisi lililoganda kwenye soketi. Kinafanya kazi mpaka leo, na pengine ningekubali kukinunua. Ila angeniambia kabla hajapokea hela.