Uzoefu wangu: seti ya geji za haidroliki na multimeta kwenye ekskaveta ndogo

Seti ninayotumia ina geji nne za kupimia presha (bar 100, 250, 400 na 600), hozi nyembamba na viungio vya kufungia kwenye matundu ya kupimia. Multimeta (mita ya kupimia umeme) haimo, nanunua kando, na bila multimeta nusu ya thamani ya seti inapotea, kwa sababu kwenye ekskaveta ya tani 1.7 hadi 3 hitilafu ya umeme mara nyingi huvaa sura ya hitilafu ya haidroliki.

Chukua hii inayotokea sana: injini inanguruma vizuri, lakini bumu (mkono mkuu), ndoo na treki vyote vimekufa. Wengi hukimbilia kushusha pampu. Anza na leva ya usalama iliyo kando ya kiti: ishushe, kisha pima moto (umeme) kwenye soketi ya solenoidi ya pailoti, yaani vali ya umeme inayofungulia oili ya presha ndogo inayoendesha vali kuu, ikiwa imechomekwa. Lazima iwe imechomekwa, maana waya uliooza ndani husoma volti 12 bila mzigo, solenoidi ikivuta moto unaanguka. Moto ukiwepo, chomoa upime koili. Nyingi za volti 12 husoma takriban omu 5 hadi 15; mita isiposoma kabisa, koili imekatika. Moto usipofika, rudi kwenye fyuzi, halafu swichi iliyo chini ya leva, ambayo huuawa na tope na mtikisiko. Upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri) usisahaulike: wakati wa kupiga staata, tofauti kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya injini ikizidi volti 0.5, fungua kiungo cha waya wa ethi ukisugue.

Umeme ukiwa safi, ndipo geji inapata kazi. Kwanza toa presha iliyobaki: ndoo chini, zima injini, washa swichi bila kupiga staata, leva ya usalama ikiwa chini cheza leva zote pande zote, kisha legeza kifuniko cha tangi taratibu. Mvujo usitafutwe kwa mkono hata siku moja. Oili ya presha hii hupenya ngozi, na tundu dogo kama la sindano ni jeraha la kukimbiza hospitali.

Presha ya pailoti kwa kawaida ni bar 30 hadi 40, hivyo geji ya 100. Mshale wa ile ya 600 hautasema lolote hapo. Presha kuu kwenye mashine nyingi za ukubwa huu ni kati ya bar 200 na 245, kitabu cha modeli ndicho kinachoamua. Hapo nafunga ya 400. Ya 250 inaonekana kutosha, ila mshtuko wa silinda kugota mwisho huiharibu. Pima oili ikiwa nyuzi joto 50 hivi. Presha ikiwa nzuri asubuhi na kuporomoka oili ikichemka, pampu iliyochakaa ndiyo ya kushuku kwanza.

Bumu pekee ikiwa dhaifu, vali kuu ya relifu (inayozuia presha kupita kiasi) iache. Angalia sili za silinda na relifu ya bumu yenyewe. Treki moja ikiburuta, badilishana hozi za treki mbili pale kwenye mota: udhaifu ukihamia treki nyingine, mota ni nzima, tafuta kwenye kiungo kizungukacho cha katikati au vali; ukibaki palepale, mota au giaboksi yake ndiyo mbovu. Kipimo hiki hakihitaji hata geji.

Kasoro kubwa ya seti ni viungio. Mashine nyingi za mtumba kutoka Japani zina matundu ya thredi za PT (kipimo cha Kijapani) robo inchi, zenye meno 19 kwa inchi. Seti yangu ilikuja na NPT (kipimo cha Kimarekani), yenye meno 18. NPT huingia mizunguko michache ikadanganya, ukiilazimisha inachana bodi ya vali, kitu ghali kuliko seti nzima. Nunua viungio vya PT kando kabla ya kufungua plagi ya kwanza.