Magneto yangu "iliyopona"

Nyota moja, na hiyo moja ni ya sanduku, maana lilifungwa vizuri.

Nilimpelekea fundi huyu (jina namhifadhia) magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za injini bila betri) ya Frazer Nash yangu, gari la mbio la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, aisuke upya koili yake ya nyaya. Kazi ya wiki chache ikawa miezi. Nikavumilia. Iliporudi niliifunga, nikazungusha hendeli mara moja tu, injini ikaitika. Nikamsifu kwa kila aliyekuwa karibu. Ulimi wangu huu!

Siku ya mbio, zile zetu sisi wapenzi tu wa magari ya kale, raundi tatu za mwanzo zilikuwa tamu ajabu. Gari hili halina difu ya kuyaachia magurudumu ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, kila gia ina cheni yake, na kwenye kona mkia unateleza wenyewe. Unaurudisha kwa usukani kama mbuzi aliyeacha njia. Nikampita jamaa mwenye gari la Riley kwa ndani. Raundi ya nne injini ikaanza kumisi, ekzosi ikapiga risasi mbili, kimya. Nikaishia kwenye majani, bendera ya njano inapepea kwa ajili yangu, na wote niliowapita wananipita wakipunga mikono.

Nusu saa baadaye, ikishapoa, hendeli mara moja: ikawaka. Anayezijua magneto ameshacheka. Ikiwa baridi ni malaika. Ikipata moto kapasita (kile kijisehemu cha kuhifadhi umeme ndani yake) inazimia, na cheche nayo. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika inadai cheche 8,000, na betri ya kuisaidia hakuna.

Nikampigia fundi simu. Sikutaka fidia, nilitaka pole. Akauliza, "Kwani uliikimbiza?" Gari la mbio! Nililinunua nilitazame? Akasema, "Mzee, magari haya ni ya kuoshwa Jumapili," akakata simu. Akakata simu! Kuharibika nimezoea, gari hili limenilaza njiani kuliko nilivyolala kwa wakwe. Lakini mtu aijaribu mezani dakika chache, ikiwa baridi, halafu anifundishe matumizi ya gari langu?

Jamaa wa Riley, yuleyule, ndiye aliyeniazima magneto yake ya akiba. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, tuliipanga kwa karatasi ya sigara: unaibana kati ya pointi (vipande viwili vya chuma vinavyogusana ndani ya magneto), unazungusha injini taratibu, karatasi ikichomoka tu ujue pointi zimefunguka, hapo ndipo cheche. Mbio za mchana akanipita mapema, nikamaliza wa tatu kutoka mwisho, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo.

Sasa hili linaniuma kuliandika. Usiku nilitafuta risiti iwe ushahidi wangu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi: "Kapasita ya zamani imeachwa, mteja hataki mpya." Ni kweli. Nilikataa mimi. Nilitaka kila kitu kiwe cha asili, hata kile kisichoonwa na mtu.

Kwa hiyo koili haina kosa. Nyota tatu, basi. Kazi ya mikono yake ni ya nyota nne, ukiniuliza nikiwa nimeshakunywa chai. Ila aliyeandika maneno yale alishindwa nini kuyasema kwa mdomo, kabla sijaingia barabarani?

Nairudisha kwake wiki hii aweke kapasita mpya. Ndani ya sanduku nimetia magneto na karatasi ya maelezo. Salamu sijatia.