Vidonge vya minyoo vya mbwa: tathmini ya mfugaji wa mbuzi na kondoo

Vidonge hivi, ambavyo kila kimoja kina miligramu 50 za prazikwanteli, dawa inayoua tegu, pamoja na dawa nyingine za minyoo, piranteli na febanteli, nilivinunua katika duka la dawa za mifugo hapa Kajiado, ingawa muuzaji alishikilia kwamba mwenye mbuzi na kondoo anahitaji chupa ya albendazoli, basi. Albendazoli ya kunywesha mara moja hupunguza minyoo ya tumboni, lakini haiondoi vifuko vyeupe vya maji ambavyo mchinjaji huvikuta kwenye maini na mapafu. Vifuko hivyo ni viluwiluwi vya tegu wa mbwa, na vifuko kama hivyo vikiota mwilini mwa binadamu ndivyo vinavyosababisha ugonjwa wa hidatidi.

Mbwa akitupiwa mapafu yenye vifuko, tegu wenye urefu wa milimita chache tu hukomaa utumboni mwake, na mayai yao hutoka na kinyesi. Mbuzi huyala malishoni, na mtu, hasa mtoto anayeshikashika mbwa, huyameza kwa mikono michafu, mboga au maji. Kula maini yenye vifuko hakumwambukizi mtu, jambo ambalo hata wachinjaji wazoefu hulikataa. Ndiyo maana mpango wa shirika la afya la AMREF ulioanza Turkana, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1983, katika eneo lenye maambukizi makubwa mno ya ugonjwa huu, uliwashughulikia mbwa.

Kwa kazi hiyo dawa hii inafaa. Kipimo ni kidonge kimoja kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa, na mistari iliyochorwa juu yake hurahisisha kukigawa vipande vinne bila kusagika. Ni chungu: mbwa wetu mkubwa alikitema mara moja, akakimeza kilipofichwa ndani ya kipande cha mafuta ya kondoo.

Lawama yangu ni kwa kikaratasi cha maelekezo, ambacho hakina hata sentensi moja ya Kiswahili na kinashauri kurudia dawa kila baada ya miezi mitatu. Ratiba hiyo huenda ikamtosha mbwa wa mjini anayelishwa chakula cha dukani. Mbwa anayezurura machinjioni anaweza kuanza kutoa mayai tena baada ya takriban wiki sita, kwa sababu prazikwanteli haibaki mwilini kumkinga. Tena kikaratasi hakisemi kwamba dawa huua tegu lakini haiui mayai, hivyo mbwa afungwe siku mbili baada ya kumeza, na kinyesi chake kichomwe au kifukiwe kwa kina. Duka nalo halikuwa na mizani, na uzito wa mbwa ulikadiriwa kwa macho.

Nitaendelea kuvinunua, lakini matumbo na mapafu tunayazika shimoni siku ileile ya kuchinja, kwa kuwa mbwa aliyemeza kidonge asubuhi akila mapafu yenye vifuko wiki inayofuata anaambukizwa upya.