Matangi ya Mafuta ya Metali kwa Boti za Mfano za Mashindano: Lipi la Kununua na Namna ya Kulifunga

Injini ya boti ya mfano inapokatakata kwenye kona, kisha ikarudia mlio wake kamili mara boti inaponyooka, wengi hukimbilia kugeuza sindano ya kabureta, hubadilisha plagi, na hata huifungua injini nzima. Mara nyingi chanzo kimo ndani ya tangi: mafuta yamesogea mbali na bomba la kunyonyea, na injini imevuta hewa. Mwongozo huu unapanga matangi ya metali kuanzia lile ninalolipendekeza kuliko yote, lakini ni vema ieleweke tangu mwanzo kwamba metali yenyewe ni jambo la pili. La kwanza ni ncha ya bomba la kunyonyea iko kwenye pembe gani ya tangi, na tangi limekaa wapi ndani ya boti.

Sababu ya kuchagua metali badala ya plastiki ni uthabiti wa umbo. Injini nyingi za mashindano husukuma mafuta kwa shinikizo linalochukuliwa kwenye bomba la moshi, na chupa laini ya plastiki huvimba na kunywea kadiri shinikizo hilo linavyobadilika, hivyo mchanganyiko wa mafuta na hewa hauwi ule ule mzunguko baada ya mzunguko. Tangi la metali halivimbi. Zaidi ya hayo, linaweza kukunjwa kuwa bapa, jembamba au la umbo la kabari ili liingie katika nafasi finyu, na ndani yake huweza kuwekwa kuta zenye matundu zinazozuia mafuta kurukaruka. Hasara yake kubwa ni kwamba huoni mafuta yaliyobaki, kwa hiyo ni lazima upime kwa bomba la sindano kila unapojaza.

Inafaa kutazama ukubwa wa nguvu zinazohusika, kwa sababu ndizo zinazoamua umbo la tangi. Boti inayopinda kona yenye nusu kipenyo cha mita 5 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa husukuma mafuta yake kuelekea nje ya kona kwa nguvu inayokaribia mara 6 ya uzito wake. Boti zinazofungwa kwa waya na kuzunguka nguzo ndizo zenye hali ngumu zaidi: duara lao lina mzingo wa mita 100, na kwa kilomita 200 kwa saa nguvu hiyo hufika takriban mara 20. Chukua tangi lenye upana wa milimita 30 kutoka ukuta wa ndani ya duara hadi ukuta wa nje. Likijaa, kina hicho kidogo hutoa shinikizo sawa na la safu ya mafuta yenye urefu wa milimita 600 iliyosimama wima, na shinikizo hilo lote hupotea polepole kadiri mafuta yanavyopungua. Injini huanza ikiwa na mafuta mengi kupita kiasi na humaliza ikiwa na machache mno, na hapo ndipo pistoni huungua.

Dawa ya tatizo hilo ni mpangilio wa mabomba unaoitwa yunifulo. Badala ya bomba la hewa kuishia juu ya tangi, huingia hadi karibu na ncha ya bomba la kunyonyea, milimita chache tu kutoka hapo. Hewa huingia mahali pale pale mafuta yanapotokea, hivyo shinikizo mahali hapo halibadiliki iwe tangi limejaa au limefika robo. Sharti lake ni moja: bomba la kujazia lizibwe kabisa wakati wa mbio na viungo vyote visivujishe hewa hata kidogo, kwani tundu moja dogo juu ya tangi hulirudisha kuwa tangi la kawaida.

Nafasi ya kwanza naipa tangi la bati la makopo, yaani bamba jembamba la chuma lililofunikwa kwa tabaka la bati, lililounganishwa kwa lehemu. Bamba la milimita 0.3 linatosha. Tangi la milimita 100 kwa 60 kwa 40, lenye ujazo wa takriban mililita 240, litakuwa na uzito wa gramu 58 hivi bila mabomba. Lehemu hushika juu ya bati kwa urahisi kuliko juu ya karibu metali nyingine yoyote, na hili ndilo linalonifanya niliweke mbele: ukigundua kwamba bomba limeelekezwa pembe isiyofaa, unalifungua, unalihamisha na kulifunga upya nyumbani kwako. Nilipata kununua tangi zuri sana la kung'aa ambalo bomba lake la kunyonyea liliishia upande wa ndani wa kona ninazopinda, na lingekuwa takataka kama lisingekuwa la bati. Udhaifu wake ni kutu kwenye kingo zilizokatwa na popote tabaka la bati lilipokwaruzwa, hasa kwa sababu methanoli, aina ya pombe ambayo ndiyo mafuta ya injini nyingi ndogo za mfano, hufyonza unyevu kutoka hewani.

Nafasi ya pili ni shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Nayo hukubali lehemu vizuri, haishiki kutu, na hudumu miaka mingi kuliko bati. Kinachoishusha ni uzito: tangi la vipimo vile vile, kwa bamba la milimita 0.4, hufika gramu 84. Kwa boti kubwa yenye injini ya petroli tofauti hiyo haina maana, nami ningeichagua pasipo kusita. Kwa boti ndogo ya injini ya sentimita za ujazo 3.5, gramu 26 za ziada huhisiwa. Usiache petroli ikae ndani yake kwa wiki nyingi, kwa sababu shaba huharakisha kuharibika kwa petroli na kuiachia utando wa ulimbo.

Alumini naiweka ya tatu. Ni nyepesi kiasi kwamba hata bamba nene la milimita 0.8 hutoa tangi la gramu 54, na huonekana maridadi. Hata hivyo, haishiki lehemu ya kawaida. Inahitaji kuchomelewa chini ya gesi ya argoni, na tangi likipasuka kwenye mshono huwezi kulitengeneza ukiwa ukingoni mwa ziwa. Mafuta ya methanoli yaliyoingia maji pia huila na kuacha unga mweupe unaoziba kabureta. Kwa petroli inafaa zaidi.

Chuma cha stenlesi kinakuja mwisho. Si kibaya, ila ni kigumu kukunja, kinataka asidi maalumu ili lehemu ishike, na ugumu wake hauna faida yoyote katika chombo kisichobeba mzigo.

Vipi kuhusu kutumia kopo la chakula au la rangi lililokatwa? Bati lake linaweza kufaa kwa kutengenezea tangi, lakini kopo lenyewe halifai kuwa tangi, kwa kuwa umbo la duara halina pembe ya kukusanya mafuta ya mwisho. Tangi zuri lina sakafu au ukuta unaoinamia pembe ya kunyonyea, nyuma na upande wa nje wa kona. Kwa hiyo kabla ya kulipa, jua boti yako inapinda kushoto au kulia katika mashindano yako, kisha muulize muuzaji akuonyeshe kila bomba linaishia wapi. Asiyeweza kukueleza, usinunue kwake.

Kuhusu ujazo, usikisie. Jaza kiasi kinachojulikana, endesha boti majini kwa mwendo wa mashindano, na upime kilichotumika kwa dakika. Injini ikimaliza mililita 25 kwa dakika na mbio ni za dakika 6, unahitaji 150, na robo ya ziada hukufikisha karibu 190. Tangi kubwa kuliko hitaji hubeba uzito bure na kuyapa mafuta nafasi ya kucheza.

Kabla ya kulifunga, lipime. Ziba mabomba yote isipokuwa moja, litumbukize ndani ya maji, na usukume hewa kwa bomba la sindano huku ukitazama viputo. Usipulize kwa mdomo tangi lililokwisha kutumika, kwani methanoli ni sumu. Na ukitaka kulehemu tangi lililotumika, lioshe kwa maji ya moto mara kadhaa, kisha lijaze maji hadi karibu na mahali pa kulehemu, huku mabomba yakiwa wazi. Mvuke uliobaki ndani hulipuka, na mwali wa methanoli karibu hauonekani mchana.

Mahali pa tangi ni karibu iwezekanavyo na kitovu cha uzito wa boti. Mililita 240 za mafuta ya methanoli zina uzito wa gramu 200 hivi, na uzito huo unatoweka wakati wa mbio. Tangi likikaa mbele sana, pua ya boti iliyotulia mwanzoni itainuka mwishoni. Kwa kimo, weka katikati ya tangi sawa na mdomo wa sindano ya kabureta au chini yake kidogo.

Usiliache liguse mwili wa boti wala kipande chochote cha metali. Mtetemo wa injini huyafanya mafuta yatoe povu, povu huingia kama viputo kwenye mpira unaopeleka mafuta kwenye kabureta, na injini hupata joto kupita kiasi. Lizungushie sponji ya unene wa milimita 5 hadi 10, lishikilie kwa mikanda inayobana bila kuponda sponji, na uliweke mbali na bomba la moshi. Weka kichujio kati ya tangi na kabureta. Mpira wa silikoni unafaa kwa methanoli, lakini petroli huuvimbisha na kuulainisha, hivyo boti ya petroli itumie mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli.

Kila siku ya mbio inapokwisha, mwaga mafuta yote. Kwa injini ya methanoli, suuza tangi kwa kiasi kidogo cha methanoli kavu, yaani isiyo na maji, ili mafuta ya mbarika yanayochanganywa humo kulainisha injini yasigande ndani ya mabomba. Tangi la bati lidondoshee matone machache ya mafuta ya mashine, lizungushe ili yapake kuta zote, kisha lizibe hadi safari ijayo, na siku hiyo ulisuuze tena kabla ya kujaza.