Baiskeli za kukodi Bagamoyo kwa safari ya Kaole

Duka la kukodisha baiskeli nililolitumia Mji Mkongwe, Bagamoyo, linastahili sifa kwa jambo moja kubwa: kabla ya kunikabidhi baiskeli, fundi alipunguza upepo kidogo kwenye matairi, kwa kuwa njia ya kwenda magofu ya Kaole, yapata kilomita 5 kusini mwa mji, ina mchanga ambao tairi jembamba lililojaa upepo huzama ndani yake. Mnyororo ulikuwa umepakwa mafuta, na breki zilishika sawasawa. Siti ni ngumu mno, na pampu hawakunipa. Katika njia yenye miiba, hilo linapaswa kurekebishwa upesi. Hata hivyo, anayetaka kupita taratibu kando ya minazi hadi kwenye msikiti wa karne ya 13 ningemwelekeza hapo bila kusita, ila aondoke asubuhi, jua halijawa kali.